Usiguse kasi ya hiyo roboti kabla hujapima mzigo

Mkuu, acha kwanza. Umeandika kwamba mzunguko mmoja wa mkono wako wa roboti, kuchukua bidhaa hadi kuiweka, unachukua sekunde 9 na unautaka ushuke hadi 7, kwamba kesho asubuhi unapandisha kasi na mchapuko (jinsi kasi inavyoongezeka haraka) hadi asilimia 100, na kwamba sehemu ya mzigo kwenye programu, panapoandikwa uzito ambao roboti inaubeba, "umeiacha kama ilivyokuja". Umeuliza pia programu gani ya kuigiza mwendo ununue, hilo lisubiri. Hapo kwenye mzigo ndipo nilipoua roboti mimi.

Yangu ilikuwa ya kubeba kilo 20. Tulibadilisha kishikio, kile cha kukamata bidhaa, tukafunga kizito zaidi. Pamoja na bidhaa ikawa kilo 11, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 18 mbele ya kifundo, yaani pale kishikio kinapofungwa kwenye mkono. Kwenye programu zikabaki kilo 4 za kishikio cha zamani. Fundi aliyetufungia akaniambia, "Inabeba ishirini, kumi na moja itaishinda?" Aliniingiza chaka, na mpaka leo nikimkumbuka nachemka, kwa sababu ndiyo kazi aliyolipwa kuijua. Ile 20 ni ya mzigo ulio karibu na kifundo. Mzigo ukisogea mbele kiwango kinashuka, na mchoro wake umo kwenye kitabu cha mashine.

Halafu kidhibiti, ile kompyuta inayoiendesha roboti, hakina macho. Kinapopanga mwendo kinakokotoa nguvu ya kila kiungo kwa uzito uliokiambia, kitovu chake na inesha yake (ugumu wa kuuanzisha na kuusimamisha mzunguko wake). Ukikiambia mzigo ni mwepesi, kitaurusha kama mwepesi, na gia ndizo zitakazoumia. Njia ileile ukiipita kwa kasi maradufu, nguvu ya kuusukuma na kuuzuia mzigo inakuwa mara 4, si mara 2.

Dalili nilizipata mapema. Kinga ya kugonga, inayoizima roboti ikihisi imegonga kitu, ilianza kusimamisha mashine wakati hakuna ilichogonga. Nikapunguza unyeti wake ili kazi iendelee. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: mashine ilikuwa inasema, mimi nikaiziba mdomo. Wiki ya tatu kishikio kikawa kinatikisika kila kikifika kituoni. Nikazima, breki zimefunga, nikakishika kwa mkono na kukisukuma: tk, tk, kinacheza. Kiungo cha 5 kilipofunguliwa, grisi ilitoka ya kijivu, inameremeta vumbi la chuma. Tulikaa wiki 6 tukisubiri gia.

Na sekunde tulizokuwa tunazitafuta wala hazikuwa kwenye kasi! Chukua mwendo wa sentimita 20 kwa mchapuko wa mita 10 kwa sekunde mraba: unachukua kama sekunde 0.28 na kilele chake ni mita 1.4 kwa sekunde. Pandisha kikomo cha kasi kutoka mita 2 kwa sekunde hadi 4, hakibadiliki kitu, maana hata ile 2 hufiki. Muda wangu ulikuwa unaliwa na vituo. Kati ya pointi 14 ambazo programu iliipitishia roboti, 9 zilikuwa hewani tu, hakuna cha kuchukua wala kuweka, na roboti ilisimama kwenye kila moja. Nilizifanya kona za kupita bila kusimama, mzigo ukiwa umeandikwa sawasawa, mzunguko ukashuka kutoka sekunde 8.4 hadi 6.9. Ila kona ikikatwa njia inabadilika, kwa hiyo ipitishe kwanza polepole uone haigusi kitu.

Kwa hiyo leo pima kishikio kwenye mizani, kikiwa kitupu na kikiwa na bidhaa. Vidhibiti vingi vina utaratibu wa kuupima mzigo vyenyewe: roboti inachezesha viungo vya mbele na kusoma nguvu ya mota. Uendeshe mara mbili, hifadhi mizigo miwili, na programu ibadilishe kutoka mmoja kwenda mwingine kila inaposhika na kuachia. Ukimaliza, weka hapa namba ulizopata na zile ulizozikuta mle ndani. Kabla ya hapo usipandishe chochote, tafadhali.