Barua kwa mwanangu: kilichotokea kazini kiandikwe kazini

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Kihonda, hapa Morogoro. Hatujambo. Shangazi yako miguu bado inamsumbua, lakini jana alifika sokoni na kurudi mwenyewe.

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama udai fidia ya huo mgongo ulioumia ghalani mkipakua mifuko, au ufuate ushauri wa afisa utumishi: uchukue likizo ya ugonjwa, upone, urudi kazini, yaishe. Ukaongeza kwamba unaona aibu kuonekana mtu wa kudaidai wakati mkataba wako unaisha Desemba.

Niruhusu nianze na hiyo aibu, maana naijua. Iliwahi kukaa nyumbani kwetu miaka mingi.

Habari ya baba yako na mashine iliyomkata vidole vitatu kiwandani unaijua, baba yako mdogo huisimulia kila tukikutana msibani. Habari ya ofisini hamkuisikia, kwa sababu marehemu alinikataza. Sasa amelala, na wewe una mgongo unaouma, kwa hiyo nitaisema.

Aliitwa kiwandani kuchukua malipo yake. Nilimsindikiza kwa sababu hakuweza hata kufunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ulikuwa wote bandeji. Wakati ule sheria ya fidia ilikuwa ile ile ya Waingereza ya mwaka 1949, na viwango vyake vilikuwa vimebaki nyuma mno. Mtu aliyelemaa kabisa, asiyeweza kazi tena maishani, kilele chake kilikuwa shilingi 108,000. Kwa vidole vitatu wanakata asilimia ya hapo. Fikiria mwenyewe kilichobaki.

Karani akasogeza karatasi iliyoandikwa kwamba mlipwaji amepokea haki zake zote na hana dai lingine. Baba yako akaisoma mpaka mwisho, halafu akaomba kalamu ajaribu kwa mkono wa kushoto. Karani akamwambia asipoteze muda, aweke dole gumba. Baba yako! Mtu aliyekuwa akiandikia barua nusu ya Kichangani, wazee wakimpangia foleni barazani Jumapili jioni. Akashikwa mkono, dole likapakwa wino, likabandikwa. Naye akasema, "Asante sana." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Hiyo asante, mwanangu, mpaka leo sijaweza kuimeza. Hakuna aliyekuwa amempa kitu cha kushukuriwa.

Tena hata hizo fedha alizipata kwa sababu moja tu: msimamizi wa zamu alikuwa ameandika ajali kwenye daftari siku ile ile, saa na jina la mashine. Mwenzake, yule wa Kilakala mnayemwita Babu Fundi, aliteguka bega zamu ya usiku, akaambiwa aende nyumbani apumzike. Hakuna aliyeandika. Bega lilipogoma kabisa miezi baadaye, ofisi ilimuuliza ana ushahidi gani kwamba hakuanguka kwenye baiskeli. Ndiyo maana mmenisikia nikilisema hili tangu mko wadogo: kilichotokea kazini kiandikwe kazini.

Siku hizi mambo yamebadilika, na ninataka uyajue vizuri kabla hujaona aibu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipoanza Julai 2015, mimi nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale shuleni, nikaisoma ile sheria ya 2008 mpaka nikaielewa. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Sasa ni nusu asilimia ya mshahara, yaani kwa laki sita zako ni shilingi elfu tatu kwa mwezi, na haruhusiwi kukukata wewe. Hizo fedha zimekwisha kulipwa kwa ajili ya siku kama hii. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda kwa sababu ya ajali ya kazini, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako wakati unatibiwa, na hali hiyo inaweza kwenda hadi miezi 24. Matibabu nayo yanagharamiwa. Ulemavu ukibaki, unapimwa na kulipwa kwa kiwango chake, na asiyeweza kazi tena kabisa hupewa pensheni kila mwezi. Baba yako angekuwa hai ningemkalisha nimsomee mstari kwa mstari.

Lakini nimhukumu afisa utumishi wako kwa haki, kwa sababu jana usiku nilimkasirikia na leo nimepiga hesabu. Sheria ya ajira inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36, na siku 63 za mwanzo unalipwa mshahara kamili. Asilimia 100 inazidi 70. Ukipona ndani ya wiki chache, likizo imekufaa kuliko fidia, hilo siwezi kulikana. Ila siku 63 za pili ni nusu mshahara, na baada ya hapo hakuna kitu. Halafu mgongo si kidonda kwamba utaona kimefunga. Unaweza ukatulia miezi minne, ukainama kuokota kijiko, ukashindwa kuinuka. Siku hiyo kwenye faili lako kutakuwa na nini? "Aliumwa." Wapi aliumia, akibeba nini, nani alikuwepo, hakuna. Dai lina mwaka mmoja tangu siku ya ajali, na mwaka haukawii.

Na Desemba nayo siipuuzi. Una mke na mtoto, kodi ya nyumba haingoji. Najua sheria inakataza kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametumia haki yake, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, unapeleka lalamiko ndani ya siku 30. Lakini mkataba unapofika mwisho wake wenyewe, kuthibitisha kwamba hawakuuongeza kwa sababu ulidai ni kazi nyingine kabisa. Mama anayemwambia mwanawe "dai tu" huku yeye hatalala na njaa hiyo, si mama wa kusikilizwa. Kwa hiyo nimejizuia kukuamulia. Nimeandika jibu langu mara kadhaa kwenye karatasi hii na kulifuta, na unanijua vya kutosha kujua lilikuwa jibu gani.

Hili tu nitalisema kwa nguvu zote: kutoa taarifa si sawa na kudai. Unaweza ukaamua mwezi ujao kama unadai au hudai, ukishauriana na mkeo. Lakini taarifa haingoji uamuzi wako. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku saba za kuipeleka kwenye Mfuko, ni wajibu wake kwa sheria, humwombi hisani. Mwandikie barua fupi, tarehe, saa, mfuko wa kitu gani, nani mlikuwa naye, ulimwambia nani. Weka nakala, na apokeaye agonge muhuri au asaini. Na ukienda hospitali, mwambie daktari kwamba uliumia kazini, tena uhakikishe ameandika hivyo, asiandike "maumivu ya mgongo" akaishia hapo. Kilichotokea kazini kiandikwe kazini.

Usiende kuiomba barua hiyo ipokelewe kwa sauti ya chini. Nenda umenyoosha shati, ongea kwa adabu, na wakishasaini usishukuru kana kwamba wamekufadhili.

Dada yako anakuja Dar Jumamosi. Nimempa dawa ya kuchua na unga wa lishe wa mjukuu wangu. Akae kwenu siku mbili amsaidie mkeo kubeba maji, wewe usiguse ndoo.

Sasa nijibu mimi, leo leo, hata kwa ujumbe mfupi: siku ile mgongo ulipoalika, supavaiza ulimwambia? Na aliandika popote?

Mama yako