Re: Mpinzani ameandaa mkutano uwanja wetu, na mabango yetu yamechanwa. Tufanye nini?

Ndugu, anza na ratiba. Kenya, mgombea huwasilisha ratiba yake ya kampeni kwa afisa msimamizi wa uchaguzi wa eneo lake, naye huketi na wagombea wote kuondoa migongano. Ratiba iliyokubaliwa pale ndiyo silaha yako, kwa hiyo omba nakala iliyopigwa muhuri. Bila hiyo, ni neno lako dhidi ya la mpinzani wako.

Notisi kwa polisi ni jambo jingine, na wengi hukwama hapa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka umwarifu OCS (mkuu wa kituo cha polisi) kwa maandishi siku 3 hadi 14 kabla ya mkutano. Ukipeleka jana yake, umechelewa.

Mabango: Kanuni za Maadili, zilizo kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya Uchaguzi ya 2011, zinakataza kuharibu au kuondoa vifaa vya kampeni vya mwingine. Piga picha zinazoonyesha mahali, andika tarehe na saa, tafuta mashahidi wawili watakaoandika maelezo na kutia sahihi, kisha peleka malalamiko ya maandishi IEBC, yaani tume ya uchaguzi. Adhabu ni pamoja na onyo rasmi, faini na kupigwa marufuku kufanya mikutano.

Tafadhali, wazuieni vijana wenu wasiende kulipiza. Chama kina wajibu wa kuwadhibiti wafuasi wake, na bango moja la mwenzako likichanwa, nyote mtasimama mbele ya kamati ya IEBC inayosimamia Kanuni hizo kama washtakiwa.