Madumu sita ya asali nyuma ya ekseli

Gari letu la kulala ni Fiat Ducato jeupe lililotoka Uingereza, usukani upande wa kulia kama magari yetu. Nililinunua kwa mzungu aliyemaliza mkataba wake wa kazi Kigoma, ushuru ukiwa umeshalipwa. Hapa Tabora kina mama wakiliona limeegeshwa huuliza chanjo inaanza saa ngapi. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, sinki na choo kidogo ambacho watoto wanakipenda kuliko kitu kingine chochote.

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: je, ule uzito wa jumla ulioandikwa kwenye kadi ya gari, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa likiwa na watu na mzigo, unaweza kupandishwa? Unaweza. Ila kabla hujaenda kuuliza ada ni kiasi gani, sikiliza kwanza yaliyonikuta njia ya Uvinza, maana mimi mwenyewe nilidhani tatizo langu liko kwenye kadi.

Ilikuwa mwezi wa nane, tunaenda Kigoma: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Nyuma kabisa ya gari, chini ya kitanda, kuna boksi kubwa lenye mlango wake. Mwenye gari wa kwanza aliweka baiskeli humo. Mimi nikapanga madumu sita ya asali ya Sikonge, ya lita 20 kila moja. Kichwani nikasema kilo 120, mambo madogo. Tangi la maji la lita 100 nikalijaza hadi likafurika. Mitungi miwili ya gesi. Mama mkwe akaja na kiroba cha mchele na kingine cha karanga, na mkwe haulizwi mzigo wake una kilo ngapi.

Urambo tukapita, Kaliua tukapita. Baada ya Malagarasi, ambako siku hizo kipande cha kwenda Uvinza kilikuwa bado vumbi, usukani ukawa mwepesi ajabu. Nikafurahi, nikamwambia mke wangu gari limeizoea barabara. Kumbe magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa ardhi kwa adabu tu. Kwenye mwinuko mmoja yakasota, maana Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele, na yakikosa uzito hayana cha kukamatia. Tukarudi nyuma, tukachukua kasi, tukapanda. Mbele kidogo tairi la nyuma kushoto likapasuka ubavu.

Jeki ikawa inazama kwenye vumbi, ikabidi tushushe mzigo. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia alinyanyua dumu moja, akaliweka chini, akanitazama. "Kaka, hii uliihesabu kama maji?"

Ndiyo, niliihesabu kama maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita ya asali ni karibu kilo 1.4. Dumu la lita 20 ni kilo 28, na madumu sita ni 168. (Mawese ni mepesi kuliko maji, dumu kama kilo 18, kwa hiyo wa Kigoma mnatuzidi hapo.) Halafu yule dereva akapiga magoti akasoma ubavu wa tairi lililopasuka. Baada ya vipimo vya saizi palikuwa na namba 98.

Namba hiyo ndogo ndiyo iliyoniponza. 98 maana yake tairi moja linabeba kilo 750. Saizi yangu ni 215/70 R15, na tairi lililokuja na gari lilikuwa na namba 109, yaani kilo 1,030. Wiki mbili kabla ya safari nilibadilisha matairi ya nyuma kwenye duka moja mjini. Saizi ilikuwa ile ile, bei nzuri, na muuzaji aliniambia yote ni sawa. Matairi mawili ya 98 yanabeba kilo 1,500 kwa pamoja. Usitoke dukani bila kuisoma namba hiyo, hata kama muuzaji ni binamu yako.

Tuliporudi Tabora nikapakia gari vile vile kama siku ile, familia yote ikiwa vitini, nikaenda kwenye ghala la mpunga lenye mizani ya malori. Huhitaji utaalamu: panda na magurudumu ya mbele tu, andika, panda gari zima, andika, sogea magurudumu ya nyuma yabaki peke yake, andika. Ya kwanza na ya tatu ukizijumlisha zikaribiane na ya pili. Mbele ilisoma kilo 1,610, nyuma 2,120, jumla 3,730.

Sasa angalia kile kibati cha chuma cha mtengenezaji. Changu kina mistari minne: uzito wa jumla 3,500, chini yake uzito wa gari pamoja na tela, kisha ekseli (ule mhimili unaobeba magurudumu ya kushoto na kulia) ya mbele 1,850 na ya nyuma 2,000. Jumlisha ekseli mbili unapata 3,850. Hizo kilo 350 zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye leseni za Waingereza. Kwao, aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu tarehe 1 Januari 1997 haruhusiwi kuendesha gari kama hili likizidi kilo 3,500 bila daraja la ziada. Kwa hiyo magari mengi ya kulala huandikwa 3,500 ili yauzike, hata kama vyuma vyake vinaweza zaidi. Ndiyo maana huko kupandisha hadi 3,850 mara nyingi ni kazi ya makaratasi na kibati kipya, hakuna boliti inayofunguliwa.

Lakini rudi kwenye namba zangu. Hata kama kadi ingesoma 3,850 siku ile, ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi kwa kilo 120, na hata matairi sahihi, 2,060 kwa jozi, yasingetosha. Fundi wangu alipendekeza tuongeze springi. Springi ingenyanyua mkia, gari lipendeze, na ekseli, breki na matairi vibaki na uwezo ule ule.

Dawa ilikuwa kuhamisha asali. Kutoka ekseli hadi ekseli gari langu lina kama mita 4, na lile boksi liko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ni kama mzegazega, ekseli ya nyuma ikiwa ndiyo bega: kilo 168 zikikaa pale, zinanyanyua kilo 84 kutoka mbele na kuzitupa nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma inahisi 252. Nikayaweka madumu yale yale sakafuni katikati ya gari, nikayafunga kwa kamba kwenye miguu ya kiti, nikapima upya. Mbele 1,780, nyuma 1,950. Sikupunguza hata kijiko, na ekseli zote mbili zikawa ndani ya kibati. Usukani nao ukarudi kuwa mzito kama unavyotakiwa.

Jumla bado ilikuwa 3,730, na hapo ndipo swali la kadi linapoanza kuwa na maana. Ukitaka kupandisha, anza na maandishi ya mtengenezaji au mhandisi anayethibitisha kwamba ekseli, breki na matairi vinaruhusu. Kadi ni ya TRA, mamlaka ya mapato, na gari lililobadilishwa sifa hukaguliwa kwanza na trafiki. Wa bima naye umwambie, tena kwa maandishi. Jua pia kwamba, hata ukibaki 3,500, Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu tarehe 1 Machi 2019, inataka gari la kilo 3,500 na kuendelea lipite mizani. Utapanga foleni na malori ya saruji huku mtoto anataka kwenda choo kilicho mita mbili nyuma yake. Wala usidhani ukiruhusiwa pale basi uko salama. Watu wa mizani wanatazama barabara isiharibike: kikomo chao ni ekseli ya mbele tani 8, ya matairi manne tani 10. Kilo zangu 2,120 zisingemshtua mtu.

Mimi nimeamua kubaki 3,500. Tangi la maji sasa linabeba lita 20 za njiani, linajazwa tukifika. Hapo nimeokoa kilo 80. Mtungi mmoja wa gesi umebaki nyumbani, na mtungi wa kilo 15 ukiwa umejaa ni kama kilo 30 pamoja na chuma chake. Vitu vya nyumbani ninapima kwa mizani ya kusimama: napanda nikiwa nimekishika, kisha napanda mtupu, natoa. Sufuria za mke wangu zilifika kilo 19, nikapewa onyo nisizitaje, nami nazitaja.

Asali nayo inasafiri kwa treni. Reli ya Tabora hadi Kigoma ipo tangu 1914 na haijali madumu mangapi. Napakia stesheni jioni, tunaondoka na gari asubuhi, nayachukua Kigoma. Mama mkwe alipoona hivyo akauliza kama viroba vyake navyo vitapanda treni. Nikamwambia hapana mama, vyako vinakaa katikati, nyuma tu ya kiti changu.