Goti bovu na mazoezi ya Nia: jibu kwa mkuu aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama Nia, haya mazoezi ya kucheza peku, ni mazoezi ya maana au mbwembwe za wazungu, na kama goti lako litayamudu. Mimi niko Portland, Oregon, mwaka wa tatu sasa nayafanya, na goti langu la kulia nililiacha kwenye mpira wa mchangani Temeke.

Siku ya kwanza mwalimu alieleza kuwa "nia" ni neno la Kiswahili. Nikanyoosha mkono, nikasema mwenye neno nipo. Darasa zima likageuka, akina mama tu, dume peke yangu. Kila kipindi mnaanza kwa kuweka nia; aliyepita madrasa, akafundishwa kutia nia kabla ya swala, hapo haoni kigeni.

Walioanzisha ni Debbie Rosas na Carlos Rosas, walimu wa aerobiki eneo la San Francisco. Ile rukaruka ilikuwa inaumiza watu, basi mwaka 1983 wakavua viatu wakaanza upya. Wakachota kwenye jazi, taichi, taekwondo, aikido, yoga na vingine, jumla fani tisa.

Unacheza peku. Robo saa nzima tulifundishwa kutembea tu: kisigino kitangulie, unyayo ulale, vidole vimalizie. Nilicheka kimoyomoyo, hadi nilipogundua kuwa mguu wangu wa kulia nilikuwa nautua ubapa, pwaa, kama bata. Kiuno hawakunifundisha, mtoto wa ngoma ya mdundiko mimi.

Sasa goti. Wiki ya pili ikaja teke ya taekwondo, nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha. Nikairusha juu. Siku nne nikachechemea. Mwalimu hakunigombeza, aliuliza tu: "Kabla ya hapo goti lilikuambia nini?" Na kweli lilikuwa limesema, nikalipuuza. Kila mchezo una viwango vitatu vya ugumu, unachagua chako. Siku hizi teke langu haliinuki kupita ugoko, na ngazi napanda bila kushika ukuta. Lako kama limevimba, anza kwa daktari.

Kitambi usikitegemee kuondoka kwa Nia peke yake, changu bado kipo. Na maneno yao ya kuongea na mifupa mengine nayaacha yapite.

Ila kuna pale mnapokinga ngumi kwa mkono huku mnapiga kelele ya kukataa. Wao walikuwa wanasema "No!" Mimi nikatoa "Hapana!" ya kituo cha daladala. Sasa darasa zima linasema "Hapana!", na yule bibi wa miaka sabini na kitu anayesimama mbele anaitoa vizuri kunishinda.