Maswali na Majibu: BeagleBone Black Mezani Kwako

Natumia Raspberry Pi na Linux. Mbona naambiwa bodi yangu si huria?

Linux ni huria, bodi yenyewe siyo. Mchoro wa saketi wa Raspberry Pi unaotolewa kwa umma umepunguzwa, na faili za kutengenezea bodi hazitolewi. BeagleBone Black, bodi nyingine ya kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2013, ina kila kitu wazi: mchoro kamili, orodha ya vipuri na faili za bodi. Ndiyo maana kampuni ya Seeed Studio walichukua mchoro huo wakatoa BeagleBone Green mwaka 2015. Waliondoa HDMI na tundu la duara la umeme, wakaweka soketi mbili za Grove, za kuchomeka vihisi bila lehemu. Kampuni ya Olimex ya Bulgaria nayo hutoa faili za bodi yake ya A64-OLinuXino katika KiCad, programu ya kuchora bodi isiyolipiwa. Kwa fundi, faida yake ni kwamba kitu kikigoma unafungua mchoro na kufuata waya mpaka mwisho, hubahatishi.

BeagleBone Black yangu imekufa. Nimechomeka umeme, hata taa moja haiwaki. Niitupe?

Usiitupe kwanza. Soma maandishi kwenye adapta yako. Tundu la bodi ni la milimita 5.5 kwa 2.1, chanya katikati, na linataka volti 5. Adapta nyingi za ruta na kamera zina plagi ya kipimo hicho hicho lakini hutoa volti 9 au 12, na huingia bila shida. Waliobuni bodi waliliona hilo, wakaweka chipu ndogo ya NCP349 mlangoni. Ikikutana na volti zilizozidi, inafunga njia na bodi inakaa kimya, bila taa wala dalili yoyote. Watu wengi hudhani imeungua, kumbe imejilinda. Weka adapta ya volti 5: ampea 1 inatosha bodi peke yake, na ampea 2 ni afadhali ukichomeka vifaa vya USB.

Taa ikiwaka lakini mfumo haufunguki, acha kuhangaika na skrini na utumie waya wa siriali, unaoleta maandishi ya bodi kwenye kompyuta yako. Kando ya P9, mojawapo ya safu mbili ndefu za matundu ya pini, kuna pini sita zilizoandikwa J1, na pini ya 1 ina alama ya nukta. Ya 1 ni graundi, ya 4 bodi inapokea, ya 5 bodi inatuma. Tumia kigeuzi cha USB cha volti 3.3, si cha 5. Unganisha graundi kwa graundi, kisha vusha nyaya mbili zilizobaki: TX (ya kutuma) ya kigeuzi iende pini ya 4, RX (ya kupokea) iende pini ya 5. Kwenye kompyuta yako andika `screen /dev/ttyUSB0 115200`, halafu washa bodi.

Sasa soma kinachotokea. Ukiona CCCC zinajipanga polepole, prosesa ni nzima. Haijapata programu ya kuanzia kwenye eMMC, yaani hifadhi iliyo ndani ya bodi, wala kwenye kadi, kwa hiyo inaiomba kupitia siriali. Andika kadi upya. Ukiona herufi zisizosomeka, kasi uliyoweka (ile 115200) siyo, au graundi imeachia. Kukiwa kimya kabisa, badilishana TX na RX kabla ya kulaumu kitu kingine.

Nimeandika Debian mpya (aina ya Linux) kwenye kadi ya microSD, lakini bodi inarudi kwenye mfumo wa zamani.

Inasoma eMMC kwanza. Chomoa umeme wote, USB ikiwemo. Bonyeza na ushikilie S2, kitufe kilicho upande wa tundu la kadi, kisha rudisha umeme ukiwa bado umekishikilia. Achia taa za bluu zikianza kuwaka. Kubonyeza reset ukiwa umeshika S2 hakusaidii, kwa sababu kitufe hicho husomwa umeme unapoingia tu.

Ukichoka kushika kitufe, futa mwanzo wa eMMC: `sudo dd if=/dev/zero of=/dev/mmcblk1 bs=1M count=10`. Kabla ya hapo endesha `lsblk`. Diski yenye `boot0` na `boot1` ndiyo eMMC. Ukikosea namba umefuta kadi yako.

Nataka bodi isome volti za betri ya sola ya volti 12. Naunganishaje?

Pini za analogi za bodi hii zinavumilia volti 1.8 tu. Si 3.3, na 5 ndiyo kabisa. Ukizidisha, unaharibu prosesa yenyewe, na hiyo haibadilishwi kwa lehemu ya kawaida.

Tumia rezista mbili. Weka ya kiloohmu 100 kutoka chanya ya betri hadi P9_39, na ya kiloohmu 10 kutoka P9_39 hadi P9_34, ambayo ni graundi ya analogi. Hasi ya betri nayo iungwe na graundi ya bodi. Volti zitagawanywa kwa 11, hivyo hata betri ikipanda hadi 15 wakati wa kuchaji, pini inaona 1.36. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na rezista ndogo, la sivyo namba zitacheza. Weka fyuzi ya miliampea 500 karibu na betri, na swichi, kwani pini za bodi hii hazitakiwi kuingizwa umeme kabla bodi yenyewe haijawaka.

Soma kwa `cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_voltage0_raw`. Zidisha kwa 1.8, gawanya kwa 4095, zidisha kwa 11. Betri ya volti 12.6 inatoa karibu 2606 kabla ya hesabu hiyo. Linganisha na mita, kwa kuwa rezista za bei rahisi hukosea kwa asilimia 5.

Umeme ukikatika saa inarudi nyuma na rekodi zangu zinavurugika.

Saa ya bodi haina betri yake. Chukua moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake: SCL (waya wa mapigo) kwenye P9_19, SDA (waya wa data) kwenye P9_20, graundi P9_1, umeme P9_3. P9_3 ni volti 3.3. Usiitie 5, maana moduli itazipandisha nyaya za data hadi 5 na pini za bodi haziwezi. Endesha `i2cdetect -y -r 2`, na ukiona 68, saa imepatikana. Kisha `echo ds3231 0x68 | sudo tee /sys/class/i2c-adapter/i2c-2/new_device`, na `sudo hwclock -w -f /dev/rtc1`.

Na kwa kuwa umeme ukikatika faili nazo huweza kuharibika, ufanye mfumo wenyewe wa kusomwa tu, na rekodi uziweke kwenye kizigeu (sehemu ya diski) cha peke yake.

Naweza kutengeneza bodi yangu kutokana na mchoro huu nikauza?

Ndiyo. Leseni ni ya Creative Commons: utataja chanzo, na mabadiliko yako utayatoa kwa masharti yale yale. Jina na nembo ya Beagle si sehemu ya ruhusa hiyo. Kama ni bodi yako ya kwanza, anzia kwenye mchoro wa PocketBeagle, bodi ndogo zaidi ya Beagle ya mwaka 2017. Chipu yake, OSD3358-SM, imeweka prosesa, RAM ya megabaiti 512 na kidhibiti umeme ndani ya kifuko kimoja, kwa hiyo nyaya ngumu za RAM huzichori wewe.