Maswali ya pikipiki: skrubu ya kabureta inazunguka tu haikazi

Haya wadau, maswali ya kabureta yamejaa kwenye simu yangu na karibu yote ni ugonjwa mmoja, uzi, yaani ile mistari ya kuzunguka ndani ya tundu inayoishika skrubu, umelika, skrubu inazunguka tu haikazi. Nimechagua machache nayajibu hapa ili na wengine mpate.

Fundi habari, mi ni dereva wa boda Mikindani. Skrubu moja ya bakuli la chini la kabureta haikazi tena na petroli inadondokea kwenye injini. Nimeambiwa nikaze tu kwa nguvu. Nifanyeje?

Mdogo wangu kwanza funga koki ya mafuta na usiitembeze hiyo pikipiki, maana petroli inayodondokea injini ya moto si jambo la kusubiri jioni ukimaliza hesabu ya bosi. Na usiikaze zaidi. Ichomoe hiyo skrubu uiangalie kwa karibu, ukikuta imezungukiwa na kitu kama kiwaya chembamba cha kijivu, kinang'aa, ujue ule ndo uzi wa kabureta wenyewe umetoka nao. Kabureta nyingi za pikipiki zetu zimemiminwa kwa zinki au aluminiamu, ni laini, skrubu ni chuma, sasa ukikaza kupita kiasi chuma hakiumii, anayeumia ni kabureta.

Fungua kabureta yote uitoe kwenye pikipiki, usitengeneze ikiwa imening'inia. Chukua kijiti cha kiberiti ukichonge kiwe chembamba, kitumbukize kwenye tundu ili ujue kina chake. Mara nyingi tundu linaenda chini kuliko skrubu ya zamani ilipokuwa inafika, kwa hiyo kule ndani kuna uzi mzima ambao haujaguswa. Hapo tafuta skrubu ya unene uleule ila ndefu kwa milimita 2 au 3 na kazi imeisha, bila drili bila nini. Ila isiwe ndefu mpaka igonge chini kabla haijabana bakuli, itavuja vilevile na utadhani gasketi ni mbovu.

Kama uzi umeisha mpaka chini ndo tunapiga tapu, ile chuma ya kuchonga uzi mpya ndani ya tundu. Skrubu nyingi za bakuli ni M4, yaani unene wa milimita 4, pima yako kwa vernia usikisie. Kuhamia M5 unatoboa kwa biti ya 4.2 kisha unapiga tapu ya M5 yenye hatua ya 0.8, yaani milimita 0.8 kutoka mstari mmoja wa uzi hadi mwingine, na tundu la kwenye bakuli nalo unalipanua kidogo skrubu mpya ipite bila kubanwa. Kabla ya hapo angalia ukuta wa pembeni ya tundu, kama ni mwembamba usipanue, utapasuka. Vua floti (boya la ndani ya bakuli), jeti (vile vipande vyenye vitundu vya kupitisha petroli), mipira yote. Funga kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha mwisho wa kina, maana ukipitiliza ukatokea ndani hiyo kabureta umeiua. Tapu inaingia imenyooka, tone la oili, nusu mzunguko mbele robo nyuma, nusu mbele robo nyuma, ukisikia imekuwa nzito irudishe utoe unga. Tundu halijatoboka upande wa pili kwa hiyo malizia na ile tapu ya mwisho kwenye seti, ile isiyochongoka, ndo inayofika chini. Kisha osha kwa petroli na upulize kila kitundu kwa upepo, chembe moja tu ya hiyo zinki ikikaa kwenye jeti ndogo pikipiki itamisi na utamlaumu fundi wa plagi bure.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni koili ya uzi, ile Helicoil, kachemchemi ka waya wa stenlesi kanakokaa ndani ya tundu, ukimaliza unarudisha skrubu yako ileile ya M4 na uzi unakuwa mgumu kuliko wa kiwandani. Ila inataka tapu yake maalumu inayokuja kwenye seti, tapu ya kawaida ya M4 haifai. Si kila duka la spea hapa Mtwara utaikuta, agiza.

Nachingwea hapa. Je nikijaza supa gluu au nikazungushia tepu nyeupe ya mabomba?

Hapana kaka. Supa gluu haidumu kwenye petroli na mtikisiko. Tepu nyeupe haiozi kwenye petroli kweli, lakini haishiki chochote kama uzi haupo, na vipande vyake vinaingia ndani vinaziba jeti.

Na fundi wa kuchomelea hawezi kulijaza tundu nikatoboa upya?

Usimpelekee. Zinki hiyo inayeyuka karibu nyuzi joto 390 tu, akiigusa na moto wake utarudishiwa uji, na ule moshi wa zinki sio wa kuvuta.

Fundi shikamoo. Nipo Masasi, skrubu zangu nyota imelika kichwani, bisbisi inateleza tu. Zitatokaje?

Marahaba kijana. Pikipiki za Kijapani na nyingi zilizoiga muundo wake zina nyota ya JIS, kipimo cha Kijapani, kwa macho inafanana na nyota ya kawaida ila bisbisi ya kawaida haikai mpaka chini, ndo maana inapanda na kukwangua. Ukipata bisbisi ya JIS nunua, itunze kama simu. Sasa hizo zilizokwisha kulika, tia oili ya kulainisha kutu zilale usiku mmoja, asubuhi mwaga mafuta yote, toa mipira, kisha mwagia maji ya moto kwenye mwili wa kabureta maana zinki inatanuka kuliko chuma na mshiko unalegea, halafu gonga kichwa taratibu na nyundo ndogo. Kichwa kama kimejitokeza kibane kwa plaiz ya kujifunga uzungushe, kama hakishikiki kata mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bisbisi bapa. Sisi wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi chumvi ya bahari inagandisha sana hizi skrubu, pakaza grisi kidogo kwenye uzi wakati wa kurudisha. Wengi mnaweka za alenki, zile za kichwa chenye tundu la pembe sita, ni nzuri, ila alenki inakupa nguvu nyingi mkononi bila kujijua, kaza kwa vidole viwili.

Pikipiki yangu haishiki sailensi (inazima nikiachia mafuta), nikirekebisha skrubu ya hewa baada ya siku mbili imejilegeza. Uzi umekufa? (Lindi mjini)

Yawezekana uzi ni mzima. Ichomoe uangalie kama kaspringi kake kapo, ndo kanakoizuia isizunguke, na mafundi wengi wakisafisha kabureta kanaruka kwenye mchanga kanapotea. Kama kapo na bado inalegea basi uzi umechoka. Hapo sipigi tapu, ni kabureta mpya, maana ncha ya ile skrubu lazima iingie katikati kabisa ya kitundu chake. Na ukiirudisha ifunge mpaka iguse tu, usiisukume, ncha ikikatikia ndani ndo basi, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu mpaka miwili na nusu uanze kusikiliza injini.

Mimi ni mama nina pikipiki moja Newala, nimempa kijana anaendesha. Fundi kasema skrubu imelika ninunue kabureta mpya. Ni kweli?

Mama yangu, kwa skrubu ya bakuli si kweli, na sipendi mtu auziwe kabureta nzima kwa tundu moja. Kabureta mpya ya bei ya chini mara nyingi inakuja na jeti tofauti na ya injini yako, utaanza safari nyingine ya kula mafuta. Muulize fundi wako swali moja tu, uzi uliolika ni wa wapi. Kama ni bakuli au bolti mbili za kwenye mkono wa kuingizia hewa, zinatengenezeka. Akisema ni ile ya hewa, au mwili umepasuka, hapo mkubalie. Na siku anairudisha simama karibu, mwambie kila skrubu aizungushe kinyume kwanza mpaka isikike imedondoka "tk" kwenye uzi wake, ndo aanze kuikaza kwa mkono.