Je, Mionzi Huufanya Uvimbe Uoteshe Mishipa Mipya ya Damu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu mkubwa anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na amekwisha kupigwa mionzi mara 12 kati ya 25 alizopangiwa. Kijana mmoja wa ukoo wetu, anayesoma chuo, ametueleza kwamba mionzi huufanya uvimbe utoe protini ya kuotesha mishipa ya damu, na kwamba ndiyo sababu saratani hurudi. Tangu asikie hayo, Mama anasitasita kurudi hospitali Jumatatu. Je, ni kweli? Na je, hakuna dawa ya kuizuia protini hiyo? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Aliyoyasema kijana wenu yana ukweli, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu zaidi mgonjwa wenu.

Mwaka 1971, daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe usiojipatia mishipa yake ya damu hauwezi kuzidi milimita chache. Baadaye ilitambuliwa protini inayobeba sehemu kubwa ya ujumbe wa kuotesha mishipa hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama VEGF. Seli za saratani zikikosa oksijeni huitoa kwa wingi, nayo hunasa kwenye vipokezi vya seli zilizotandaza ukuta wa ndani wa mishipa ya jirani, na seli hizo huanza kugawanyika na kuchipuza matawi kuuelekea uvimbe. Mishipa iotayo namna hiyo huwa mibovu: imepindapinda, inavuja, na mingine haifiki popote. Kwa kuwa oksijeni husafiri kama milimita 0.1 hadi 0.2 tu kutoka kwenye mshipa, baadhi ya seli hubaki zikiishi kwa shida. Hizo ndizo sugu kwa mionzi, kwani seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi kubwa mara 2.5 hadi 3 ili ife.

Sasa tuje kwenye hoja ya kijana. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba uvimbe uliopigwa mionzi huongeza VEGF, na kwamba protini hiyo ikizuiwa mionzi hufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2004 wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza njia yenyewe: baadhi ya seli zikishakufa, oksijeni hurejea ndani ya uvimbe na kuzalisha kemikali kali zinazoipandisha protini nyingine, HIF-1, ambayo ndiyo huamrisha VEGF itengenezwe, na VEGF nayo huzikinga seli za mishipa zisiuawe na mionzi.

Hata hivyo, oksijeni hiyo hiyo inayorejea huzifanya seli zilizokuwa sugu ziweze kuuawa na dozi inayofuata, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kuigawa tiba katika siku nyingi badala ya kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Ujumbe wa VEGF hutoka kwa seli zilizonusurika, na mgonjwa akiacha tiba katikati huziacha seli hizo na ujumbe wake, huku nyingine zikianza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tiba yote ya mionzi, ya nje pamoja na ile inayowekwa ndani ya uke na kizazi, inapaswa kukamilika ndani ya wiki 8. Ikivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua.

Dawa ya kuizuia VEGF ipo, nayo ni bevasizumabu. Wengi, nami nikiwamo, tulitarajia makubwa kutoka kwake. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, waliopewa dawa hiyo pamoja na mionzi na temozolomidi, dawa nyingine ya saratani: ugonjwa ulichelewa kuendelea, lakini maisha hayakurefuka. Mwaka huo huo ilionekana kwamba kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi au kusambaa, kuichanganya na dawa nyingine za saratani kulirefusha maisha, kwa wastani, kutoka miezi 13.3 hadi 17. Hiyo si hali ya Mama, ambaye kwa mpango mlioueleza anatibiwa kwa nia ya kupona. Isitoshe, kwa waliowahi kupigwa mionzi ya nyonga, dawa hiyo huweza kuleta fistula, yaani tundu lisilo la kawaida, kati ya utumbo na uke.

Lililo mikononi mwenu ni damu yake. Saratani hii huvujisha damu, na mgonjwa aliyepungukiwa damu huupelekea uvimbe oksijeni kidogo, kwa hiyo mwulizeni daktari wake kipimo cha hemoglobini kimefikia ngapi na kama anahitaji kuongezewa. Kama anavuta sigara, aache sasa. Jumatatu aende, na ikiwa kuna siku aliikosa kwa hofu hii, awaambie wahudumu wa mionzi mapema ili waone namna ya kuifidia kabla ratiba haijasogea.